Mkojo unavuja baada ya kutolewa tezi dume: maswali tunayoulizana pembeni huku Kigoma

Mimi si daktari. Ni mstaafu tu, nakaa Mwanga, nilitolewa tezi dume kwa sababu ya saratani na tangu habari isambae wanaume wananivuta pembeni, mmoja tukiwa msibani, mwingine akitoka msikitini, mwingine anamtuma mke wake aje amuulize mke wangu halafu majibu yarudi kwa njia hiyohiyo. Maswali ni yaleyale, kwahiyo nimeyaandika sehemu moja, mtu asome mwenyewe chumbani kwake bila kumwonea mtu aibu. Humu kuna tuliyoelezwa na madaktari na watu wa mazoezi tiba, na kuna vitu vidogovidogo ambavyo kliniki hawana muda wa kukueleza, mfano pedi unazinunuaje bila muuzaji kukukodolea macho.

Saratani imeshatolewa, mbona mkojo ndo umeanza kuvuja?

Kwa sababu ya mahali tezi yenyewe ilipokuwa imekaa. Tezi dume iko chini kabisa ya kibofu na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Chukulia bomba lenye koki mbili, moja juu pale kibofu kinapoishia, nyingine chini ya tezi. Daktari akitoa tezi nzima, koki ya juu inaondoka nayo au inabaki imeumia, halafu anaushona mrija moja kwa moja kwenye kibofu. Inabaki koki ya chini peke yake, na hiyo miaka yote ilikuwa msaidizi tu, sasa ghafla imeachiwa kazi yote, tena imevimba na mishipa yake ya fahamu imeguswaguswa. Ndo maana ukikohoa, ukipiga chafya, ukinyanyuka kwenye kiti au ukicheka sana linatoka tone, na siku nyingine sio tone ni bakuli.

Kuna na aina ya pili, kibofu chenyewe kinakuwa na haraka, unasikia mkojo ghafla na kabla hujaufikia mlango wa choo umeshatoka. Wengi mwanzoni wanakuwa nazo zote mbili. Mweleze daktari vizuri yako ni ipi zaidi manake tiba zake hazifanani.

Hakuna aliyekuloga. Nalisema hili kwasababu kuna mtu aliuza mbuzi wake kwa ajili ya mganga wakati alikuwa anahitaji miezi michache ya mazoezi tu.

Jirani yangu naye alifanyiwa tezi dume, alikauka upesi sana. Mimi nina tatizo gani?

Muulize kwanza alifanyiwa nini, manake watu wanachanganya mambo. Wazee wengi tezi yao imevimba bila saratani, hao wanakwanguliwa kwa ndani kupitia njia ya mkojo au wanapasuliwa na kutolewa nyama iliyozidi, ganda la tezi linabaki, na wengi wao wakivuja huwa ni kwa muda mfupi. Wengine saratani imeshasambaa, wanatolewa korodani au wanachomwa sindano za kushusha homoni inayoilisha saratani, hapo tezi haijatolewa kabisa. Wewe uliyetolewa tezi yote ni habari nyingine, usijipime kwa jirani.

Hata waliotolewa tezi yote hawalingani. Umri mkubwa, unene, kisukari, kuwahi kupigwa mionzi au kukwanguliwa tezi zamani, vyote vinachelewesha. Halafu kuna suala la mishipa ya fahamu inayopita pembeni mwa tezi. Mbinu ya kuitoa tezi huku mishipa hiyo ikiachwa salama aliianzisha daktari Patrick Walsh wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, mwaka 1982, na inasaidia nguvu za kiume na kwa wengi mkojo pia, ila kama saratani imeigusa mishipa daktari hana budi kuikata. Muulize wako alifanyaje, ni haki yako kujua.

Mpira wa mkojo nitakaa nao muda gani?

Kawaida wiki moja mpaka mbili baada ya operesheni, inategemea kidonda cha ndani kinavyounga. Mfuko wa kukusanyia mkojo uwe chini ya usawa wa kibofu muda wote, ukilala usiupandishe kitandani, ila usiulaze sakafuni pia. Osha pale mpira unapoingilia kwa maji na sabuni kila siku, nawa mikono kabla na baada. Mkojo kuwa na wekundu kidogo baada ya kutembeatembea ni kawaida, na kusikia kibofu kinajikaza huku mkojo ukipenya pembeni ya mpira nako hutokea.

Sasa hapa sikiliza vizuri mzee wangu. Mpira ukichomoka wenyewe au ukiziba kabla ya siku yake, nenda hospitali muda huohuo, na ukifika sema kabisa, mimi nimetolewa tezi dume juzijuzi, naomba daktari aliyenifanyia apigiwe simu kwanza. Mtu asiyejua akikuingizia mpira mwingine kwa kulazimisha anaweza kufumua pale paliposhonwa. Na usijaribu kuuvuta mwenyewe, ndani una puto lililojazwa maji.

Siku ya kutolewa mpira niende na nini?

Pedi au pampasi za kutosha, suruali ya rangi nyeusi au ya bluu iliyoiva, na nyingine ya akiba, na chupi ya kubana, sio bukta. Mkojo unaweza kukutoka wote hapohapo ukisimama, wala usishtuke, manesi wameona mengi. Kunywa maji, kojoa kabla hujaondoka wahakikishe njia imefunguka, ndo urudi nyumbani.

Itachukua muda gani mpaka nikauke?

Wengi wanaona nafuu kubwa ndani ya miezi 3 mpaka 6, wengine wanaendelea kupata nafuu mpaka mwaka unatimia na hata kupita kidogo. Wachache wanabaki na tatizo la kudumu, hao wana tiba yao nimeieleza chini.

Haiji siku moja. Kwa kawaida usiku ndo unakauka kwanza manake umelala na uzito haukandamizi, halafu ukikaa, halafu ukisimama, mwisho kabisa ndo kutembea kwenye vile vilima vyetu vya kushuka Kibirizi na kubeba vitu. Nunua daftari dogo uandike pedi ngapi kwa siku na zimelowa kiasi gani, manake bila kuandika utaona kila siku ni ileile wakati mwezi uliopita ulikuwa unatumia mara mbili yake. Na daktari akikuuliza unaendeleaje, jibu la "hivyohivyo tu" halimsaidii, mpe namba.

Hayo mazoezi yanafanywaje hasa? Wengine wanasema bana matako, wengine bana tumbo.

Sio matako wala tumbo wala mapaja. Ni misuli iliyotandazwa chini ya nyonga, kutoka mfupa wa mbele pale kwenye kinena mpaka mfupa wa mkia. Yanaitwa mazoezi ya Kegel, kwa jina la daktari Arnold Kegel wa Marekani aliyeyaandika mwaka 1948 kwa ajili ya wanawake waliojifungua, na ndo maana ukiyataja kijiweni watu wanacheka eti mambo ya wanawake. Waache wacheke, misuli hiyo tunayo wote.

Kuipata fanya hivi. Fikiria uko kwenye kikao cha ukoo, wakwe wamekaa, na ushuzi unataka kukutoka. Kile unachokaza nyuma kuuzuia ndo chenyewe. Sasa kaza hivyohivyo na mbele, kama unataka kuuvuta uume uingie ndani. Vua nguo usimame mbele ya kioo: ukipatia utaona shina la uume linarudi ndani kidogo na korodani zinapanda juu. Tumbo likiingia, matako yakigongana au pumzi ikikatika, umekosea, legeza uanze upya. Na usisukume kwenda chini kama mtu anayetafuta choo, hiyo ni kinyume kabisa na inaharibu.

Ukishaijua, lala chali magoti umeyakunja. Kaza, hesabu taratibu mpaka 3 au 5, hesabu kwa sauti ili usizuie pumzi, halafu legeza kabisa kwa muda uleule au zaidi. Kulegeza nako ni zoezi, watu wanalisahau. Rudia mara 10. Wiki zikienda ongeza mpaka uweze kushikilia kwa hesabu ya 10. Halafu fanya na zile za harakaharaka, kaza achia kaza achia, nazo mara 10. Fanya mara 3 kwa siku. Ukizoea ukiwa umelala, hamia kwenye kiti, halafu kusimama, halafu ukitembea, manake kuvuja kwenyewe hakutokei umelala, kunatokea umesimama sokoni na kapu mkononi.

Kitu ambacho kwa maoni yangu kinazidi hata hizo seti ni kukaza kabla. Kabla hujakohoa, kabla hujanyanyuka, kabla hujainua kitu, kaza kwanza halafu ndo ufanye. Mwanzoni utasahau na utalowa, ila baadaye mwili unafanya wenyewe bila wewe kuwaza.

Anza hata kabla ya operesheni kama bado hujafanyiwa, utakuwa umeshaijua misuli yako. Mpira ukiwa ndani acha kabisa. Ukitolewa na daktari akikuruhusu, endelea. Kama huna uhakika unapatia, omba kumuona mtu wa fizio, yaani mazoezi tiba, hospitali ya Maweni uliza, na ukipewa rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, uliza pia. Kikao kimoja cha kuelekezwa vizuri ni bora kuliko miezi ya kukaza matako.

Nafanya mazoezi kwa kukata mkojo katikati nikiwa chooni, ni sawa?

Mara moja tu kujua misuli iko wapi, inatosha. Ukifanya ndo tabia unakizoesha kibofu kutojimaliza, mkojo unabaki ndani na maambukizi yanakuja.

Asubuhi nakuwa mkavu, ikifika jioni navuja kama sikufanya chochote. Kwanini?

Misuli imechoka. Ndo ilivyo kwa karibu kila mtu. Mchana tafuta muda ukae au ulale kidogo, na usifanye mazoezi mara 15 kwa siku kwa hasira, utaichosha zaidi. Kazi nzito zipange asubuhi.

Nikipunguza maji si mkojo nao utapungua?

Hili ndo linaloniudhi kuliko yote manake karibu kila anayenifuata ameshalifanya. Hapana ndugu yangu. Ukinywa maji kidogo mkojo unakuwa mzito, unakiwasha kibofu, kinazidi kuwa na haraka, halafu choo kinakuwa kigumu, unasukuma, unaongeza kuvuja, na juu yake unakaribisha maambukizi ya njia ya mkojo. Kwa joto letu la hapa kunywa lita moja na nusu mpaka mbili kwa siku, kidogokidogo, uone mkojo ni njano hafifu. Ukikaribia kulala, masaa mawili matatu kabla, ndo upunguze. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo afuate kipimo alichopewa na daktari wake.

Na choo usikiendee kila nusu saa eti ni tahadhari. Mwanzoni nenda kila baada ya masaa mawili, halafu sogeza taratibu mpaka matatu, hadi manne. Kibofu ukikizoesha kutolewa mkojo kidogokidogo, kitadai choo hata kikiwa na mkojo kidogo.

Na kahawa?

Najua, kuna wazee wa Ujiji ukiwanyima kahawa ya barazani umewanyima na majirani zao. Ila kahawa inakisisimua kibofu na inaongeza mkojo, chai ya rangi iliyokolea nayo, soda za kola, na vinywaji vya kuongeza nguvu ndo kabisa. Pombe inalegeza misuli na inakufanya usisikie, ukishtuka umeshalowa. Jaribu wiki mbili bila kahawa uone. Ukiona tofauti, baki na kikombe kimoja cha asubuhi. Usipoona tofauti yoyote basi kunywa, sio kila kibofu kinakasirika. Barazani kaa tu hata kama unakunywa maji.

Pedi za wanaume zinapatikana wapi hapa?

Za wanaume zenyewe ni shida kuzipata hapa, nenda na za wanawake, zile kubwa za usiku zenye mabawa. Ubandike kwa mbele zaidi, uume uelekee chini, na chupi iwe ya kubana ishikilie. Pampasi za wakubwa zinafaa wiki za mwanzo na safarini, ila ni nene, zina joto na zina gharama, ukipata nafuu zihame. Wengine wanajifunga tishu za chooni, haisaidii, zinalowa na kukatikakatika mpaka unatembea na vipande ndani ya suruali.

Kitambaa kinaweza kufanya kazi vizuri tu: kata taulo la zamani au flana, kunja tabaka kadhaa, kaa nazo nyingi. Fua kwa sabuni na anika juani kabisa, kwenye kamba, sio kuficha chini ya kitanda, manake zikikaukia gizani zinanuka na kukuletea fangasi. Badili kila zikilowa. Osha ngozi kwa maji, kausha, paka mafuta mepesi kidogo. Ukipaka mengi pedi hainyonyi.

Kununua mwenyewe unaona aibu? Ingia duka la dawa useme "naomba pedi kubwa pakiti mbili", lipa, ondoka. Muuzaji anajua ni za mama watoto.

Kuna na mpira unaovalishwa kwa nje kama kondomu, unaunganishwa na mfuko unaofungwa pajani, kwa anayevuja sana na ana shughuli ndefu unamfaa. Kuna pia kibanio cha uume, hicho usikitumie bila kuelekezwa, kinafunguliwa kila baada ya saa moja au mbili na usiku hakilaliwi nacho kabisa, la sivyo kinaumiza ngozi na kuzuia damu.

Swala yangu inakuwaje na udhu haukai?

Hili muulize sheikh wako, ila wengi wetu tumefundishwa kwamba mwenye udhuru wa mkojo anajisafisha, anaweka pedi safi, anatia udhu wakati wa swala ukishaingia, anaswali, na tone litakalomtoka hapo katikati halimvunjii. Usiache msikiti kwa sababu ya hili. Ukitoka kwenye sujudu kusimama ndo mkojo unaponyoka, kwahiyo kaza kwanza ndo unyanyuke. Wenzetu wa kanisani nao wakipiga magoti na kuinuka ni hivyohivyo. Mimi swala zilinisaidia kwa upande mwingine, mazoezi nilikuwa nayaweka baada ya adhuhuri na isha, sikuhitaji alamu.

Nimwambie mke wangu?

Mwambie. Atajua tu kwenye shuka. Weka nailoni nzito chini ya shuka, juu yake khanga au shuka nene iliyokunjwa, godoro litapona. Mke anayejua anakununulia pedi, anayefichwa anawaza mengine, na huku kwetu unajua mengine ni yapi.

Watoto wakubwa nao waambiwe kidogo, hasa anayekusindikiza kliniki.

Tendo la ndoa je, naweza kuvuja hapo?

Inatokea, hasa kileleni, ni mkojo mchache na haumdhuru mwenzio. Kojoa kabla, punguza maji saa moja mbili kabla, tandika taulo, na kama inawasumbua sana vaa kondomu. Mbegu hazitoki tena manake tezi na vifuko vyake vimeondolewa, ila raha yenyewe unaweza kuisikia. Nguvu za kiume zinachelewa kuliko mkojo, zinaweza kuchukua mpaka miaka miwili kurudi, na kwa wengine hazirudi bila msaada. Daktari ana dawa za hilo, mwambie. Usinunue vidonge vya mitaani, hasa kama una presha au unatumia dawa za moyo.

Naweza kurudi kazini lini, na pikipiki?

Wiki 6 za kwanza usinyanyue kitu kizito, ndoo ya lita 20 ni marufuku, gunia la muhogo usilisogelee, nyavu usivute. Baiskeli na bodaboda nazo ziache kwa kipindi hicho, kiti kinakandamiza palepale paliposhonwa na barabara zetu unazijua. Kutembea kwa miguu ndo dawa, anza kidogo kila siku. Wa kwenye mitumbwi ya kwenda Kagunga subiri daktari akuruhusu, na ukirudi beba kidumu chenye mdomo mpana.

Choo kigumu kinahusika vipi?

Ukisukuma unaikandamiza misuli uliyokuwa unaijenga. Ugali wa muhogo na dagaa kila siku bila mboga ndo unaotufikisha hapo. Kula sombe (kisamvu), matembele, maharage, papai, parachichi, na maji. Ukishindwa omba dawa ya kulainisha.

Na kikohozi kitibiwe. Kila kikohozi ni mtihani kwa ile misuli, sigara iache, na ukikohoa wiki mbili mfululizo kapime kifua kikuu, usikae tu na kusema ni vumbi.

Kuvuja huku si dalili kwamba saratani imerudi?

Hapana. Kuvuja ni habari ya misuli, saratani inafuatiliwa kwa kipimo cha damu cha PSA. Tezi ikishatolewa yote PSA inatakiwa ishuke mpaka karibu isionekane, wanapima wiki 6 mpaka 8 baada ya operesheni na kuendelea kwa ratiba. Sasa ubaya ni kwamba watu wanaona aibu ya kulowa kwenye benchi la kliniki, wanaacha kwenda, na kipimo hakipimwi. Hapo ndo hatari ilipo. Nenda umelowa hivyohivyo.

Wakikuambia unahitaji mionzi baadaye, waulize itauathiri vipi mkojo na kama inaweza kusubiri mpaka misuli ipate nguvu.

Dawa gani ya dukani inakausha mkojo? Au mitishamba?

Kwa kuvuja kwa kukohoa hakuna kidonge cha kununua dukani kikakumalizia. Kwa ile haraka ya kibofu zipo dawa za hospitali zinazokituliza kibofu, ila zinakausha mdomo, zinafunga choo na kwa wazee zinaweza kuvuruga kumbukumbu, kwahiyo ni mpaka daktari aandike. Antibiotiki usinunue kwa kubahatisha, pima mkojo kwanza. Mizizi na majani mengi ya kienyeji yanaongeza mkojo, utakuwa unajichimbia. Na kama unameza dawa za presha za kukojosha usiziache, muulize daktari kama unaweza kuzimeza asubuhi badala ya jioni.

Lini nikimbie hospitali bila kusubiri tarehe?

Mkojo ukigoma kutoka kabisa na tumbo la chini limejaa, hiyo ni usiku huohuo. Ukiona mkojo unatoka kama uzi, unasukuma na unaisha kwa matone, inawezekana kovu limebana njia, na hapo utavuja huku kibofu kimejaa, mazoezi hayatasaidia mpaka pafunguliwe. Nenda pia ukipata homa na baridi, mkojo wa kuchoma na wenye harufu kali, damu nzito yenye mabonge, kidonda kutoa usaha. Mguu mmoja ukivimba na kuuma au pumzi ikibana ghafla, kimbia, hiyo inaweza kuwa damu imeganda.

Mwaka umeisha na bado nabadilisha pedi nyingi. Ndo basi?

Sio basi. Kwanza hakikisha mazoezi ulikuwa unayapatia, wengi hawakuwa wanayapatia. Halafu omba rufaa kwa bingwa wa mfumo wa mkojo, achungulie ndani kwa kamera aone kama kuna kovu na kibofu kinafanyaje. Kwa wanaovuja kiasi kuna ukanda unaowekwa kwa operesheni kuinua na kubana mrija. Kwa wanaovuja sana kuna koki ya bandia, ipo tangu miaka ya 1970: kipete kinazungushwa kwenye mrija, puto dogo linakaa tumboni, na pampu inakaa ndani ya mfuko wa korodani, ukitaka kukojoa unaiminya, kipete kinafunguka, baada ya dakika chache kinajifunga chenyewe. Ina gharama kubwa na sio kila hospitali inaifanya, kwahiyo Bugando, KCMC au Muhimbili uliza mapema, na uliza bima yako inagusa wapi. Ukishawekewa, kila hospitali utakayoingia sema unayo kabla mtu hajakuwekea mpira wa mkojo, manake mpira ukiingizwa kipete kikiwa kimefunga unaharibu kila kitu.

Mwenye miaka 60 na zaidi asiye na uwezo aende ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitali aulizie msamaha, usione haya, utaratibu upo.

Safari ya kliniki ni ndefu, nitasafirije kwenye basi?

Kama ratiba inaruhusu na unaelekea upande wa reli, panda treni, choo kipo na unaweza kusimama na kutembea. Kwenye basi kata siti ya pembeni ya njia, karibu na mlango wa mbele, na kabla halijaondoka mfuate konda umwambie kwa sauti ya chini, mwanangu nimetoka operesheni ya mkojo, nikikuita unisimamishie. Makonda wa huku ni waelewa ukiwaambia mapema, wanachokichukia ni kushtukizwa gari likiwa kwenye mwendo. Wakisimama kuchimba dawa shuka na wewe hata kama husikii. Vaa pampasi siku hiyo hata kama umeshazihama, beba za akiba tatu nne, mfuko mweusi wa kuwekea zilizolowa, chupa ya maji ya kujisafishia na suruali nyingine kwenye begi la mkononi, sio kwenye buti. Cheti cha operesheni na majibu ya PSA navyo viwe kwenye begi hilohilo, na yale maji ya kunywa endelea kunywa njiani, kidogokidogo.